Nani Ana Ruhusa ya Kuona? Maono na Mamlaka katika Historia ya Wamormoni

Katika Kiswahili cha ofisini neno "maono" limechakaa. Kila kiongozi anayepanda jukwaani ana maono. Kila taasisi ina bango ukutani lenye maono na dhamira yake, na mtumishi mpya hukaririshwa yote mawili kabla hajaonyeshwa meza yake. Maono ninayokusudia kuyajadili katika makala haya ni yale ya maana ya kale: mtu huona kisichoonekana na wenzake, kisha hurudi kwao na kusema, nimeona. Hapo ndipo imani na kejeli huanza. Hapo pia ndipo huanza swali la utawala, ambalo wanahistoria hulipa uzito zaidi: alichokiona huyu kinamfunga nani?

Nimewachagua Wamormoni kwa sababu dini yao ni changa kiasi kwamba nyaraka zake zipo. Tuna barua, shajara, magazeti na kumbukumbu za vikao, vitu ambavyo hatuna kwa manabii wa kale. Isitoshe, vijana wao wa shati jeupe na beji ya jina kifuani, wanaotembea wawili wawili, wamekwisha kuzoeleka katika miji yetu ya Afrika Mashariki, na Kitabu cha Mormoni kinasomeka kwa Kiswahili tangu mwaka 2000. Jina lao kamili ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na tangu mwaka 2018 viongozi wao wamesisitiza litumike hilo. Nitatumia jina lililozoeleka kwa ajili ya ufupi tu, wala sikusudii dharau.

Wanafunzi wanaoniuliza habari zao hutaka niseme kama Joseph Smith alikuwa mkweli au mwongo. Mwalimu wa historia hana mizani ya kupimia mbingu. Anaweza kupima nani alisema nini, lini, mbele ya nani, na baada ya kusemwa nini kilibadilika. Hilo peke yake ni kazi ya kutosha.

Joseph Smith alizaliwa tarehe 23 Desemba 1805 katika jimbo la Vermont, kaskazini mashariki ya Marekani, kwa wazazi wakulima ambao bahati iliwakwepa mara nyingi. Mwaka 1816, mwaka ambao majira ya joto hayakufika kwa sababu majivu ya volkano ya Tambora ya huko Indonesia yalikuwa yamelifunika jua, baridi iliua mazao, na familia ikahamia magharibi ya jimbo la New York, karibu na mji wa Palmyra. Mwaka uliofuata ulianza kuchimbwa Mfereji wa Erie, ambao ulileta biashara, wageni na wahubiri. Wamethodisti, Wabaptisti na Wapresbiteri walishindania roho za watu katika mikutano ya hadhara iliyodumu siku kadhaa. Mama yake Joseph, Lucy, alijiunga na Wapresbiteri. Baba yake alijitenga na madhehebu, lakini alikuwa akiota ndoto za kidini ambazo mkewe alikuja kuziandika kitabuni.

Yaani kuona maono katika eneo lile hakukuwa kioja. Watu wengi wa kawaida walisimulia kuona nuru, kusikia sauti, kukutana na Kristo katika sala. Msomaji wa Upare, Mara au Kisii aliyelelewa katika Usabato anajua tawi jingine la mti huohuo: Ellen White aliona ono lake la kwanza Desemba 1844, miezi sita tu baada ya Joseph Smith kuuawa. Tukimtazama Joseph kama mtu wa pekee aliyezuka jangwani, tutashindwa kumwelewa. Jambo la kuelezwa ni jinsi maono yake yeye, kati ya mengi, yalivyogeuka taasisi.

Ono ambalo leo waumini huliita Ono la Kwanza linasemwa kuwa lilitokea majira ya kuchipua ya mwaka 1820, Joseph akiwa na umri wa miaka 14. Alisoma katika Waraka wa Yakobo kwamba aliyepungukiwa na hekima amwombe Mungu, akaingia msituni kuomba. Kwa mkono wake au wa makarani wake tunazo simulizi nne za yaliyompata humo, na hazilingani.

Ya kwanza iliandikwa mwaka 1832, miaka 12 baada ya tukio. Sehemu yake ni hati ya Joseph mwenyewe, hati ya mtu aliyepita shuleni kwa muda mfupi, sentensi zikikimbizana bila nukta. Humo kijana anahuzunika juu ya dhambi zake na uovu wa dunia. Kwa kusoma Maandiko amekwisha kukata shauri kwamba madhehebu yote yamepotoka. Anamwona Bwana, na Bwana anamwambia dhambi zake zimesamehewa. Anayetajwa kusema naye ni mmoja. Waraka huo ulikaa katika hifadhi ya kanisa na haukujulikana kwa umma hadi miaka ya 1960. Simulizi ya pili, ya Novemba 1835, imo katika shajara yake: nafsi moja inatokea katika nguzo ya moto, kisha ya pili, na malaika wengi. Ya tatu aliianza mwaka 1838. Hapo nafsi ni mbili, Baba na Mwana, Baba akimwonyesha Mwana kwa kidole; swali la kijana ni kanisa gani ajiunge nalo, na jibu ni kwamba asijiunge na lolote, kwa maana yote yamekosea. Ya nne ilikuwa barua ya mwaka 1842 kwa mhariri wa gazeti wa Chicago, John Wentworth. Ni ile ya 1838 iliyochapishwa mwaka 1842, na mwaka 1880 ikaidhinishwa kuwa Maandiko.

Wapinzani huishia hapo na kutamka hukumu. Nadhani wanaharakisha. Waumini hujibu kwamba hata wongofu wa Paulo umesimuliwa mara tatu katika Matendo ya Mitume, na katika sura ya 9 wenzake wanaisikia sauti ilhali katika sura ya 22 hawaisikii. Ni jibu lenye nguvu, ingawa linamwacha mwanahistoria na kazi yake palepale. Mimi hutazama tarehe. Mwaka 1832 msemaji ni kiongozi wa kanisa la miaka miwili, na anazungumza kwa lugha ya waongofu wa mikutano ya hadhara: dhambi, machozi, msamaha. Mwaka 1838 ni mtu aliyekimbia Ohio mwezi Januari kwa sababu ya madeni ya benki iliyoanguka na uasi wa wafuasi wake, na sasa yuko Missouri akizungukwa na maadui. Ono la 1832 linamwokoa kijana; ono la 1838 linasimamisha kanisa na kuyanyang'anya mengine uhalali. Kama tukio ni lilelile, kazi yake imebadilika. Mwanahistoria Mmormoni James B. Allen alionyesha mwaka 1966 kwamba katika miaka ya 1830 waongofu wengi hawakuwa wakilijua kabisa. Kilichowavuta ni Kitabu cha Mormoni na habari kwamba mbingu zimefunguka tena. Kanisa lenyewe, mwaka 2013, lilichapisha maelezo rasmi yanayozikiri simulizi zote hizo.

Kabla sijafika kwenye mamlaka, niseme kidogo juu ya namna ya maono yenyewe, kwa kuwa hapa Joseph na wafuasi wake walifikiri kwa undani kuliko wanavyodhaniwa. Je, mtu huona kwa macho haya ya nyama? Maandiko yao ya mwaka 1830 yanayomhusu Musa yanajibu kwamba hapana: Musa alimwona Mungu kwa macho ya kiroho, mwili wake ukiwa umegeuzwa kwa muda, kwani macho ya kawaida yangeangamia. Lakini malaika Moroni, ambaye Joseph alisema alimtokea usiku wa tarehe 21 Septemba 1823, alimwelekeza kwenye mabamba ya dhahabu yaliyofukiwa kilimani, kitu cha kushikwa na kubebwa. Mashahidi 8 walitia saini kwamba waliyaona na kuyapapasa mabamba hayo. Wengine 3, Oliver Cowdery, David Whitmer na Martin Harris, walisema walionyeshwa na malaika. Wote watatu baadaye walifarakana na Joseph na kutoka kanisani, na hakuna aliyeukana ushuhuda wake. Siku zote hili limenifikirisha, ingawa sijui shahidi wa mahakamani angeulizwa nini juu yake.

Usiku na mchana, rohoni na mwilini, mpaka ule ulikuwa ukivukwa. Tarehe 16 Februari 1832, katika nyumba moja ya kijiji cha Hiram, Ohio, Joseph na msaidizi wake Sidney Rigdon waliona kwa pamoja ono la daraja tatu za utukufu baada ya kifo. Philo Dibble, aliyekuwamo chumbani, alikumbuka miaka mingi baadaye kwamba wanaume wapatao kumi na wawili walikaa kimya wakiwatazama. Mmoja alisema anachokiona, mwingine akajibu kwamba naye anakiona hichohicho. Waliokaa pembeni hawakuona kitu. Mwishoni Sidney alikuwa amelegea kama kitambaa, na Joseph akatania kwamba mwenzake hajazoea. Mwezi uliofuata genge la watu liliwavamia wote wawili usiku kijijini hapohapo, likawapaka lami na manyoya.

Na kama mjumbe wa mbinguni akija, utajuaje ametoka wapi? Februari 1843 Joseph alitoa kanuni ambayo imo katika kitabu chao cha Mafundisho na Maagano: mwombe akupe mkono. Malaika aliyefufuliwa ana mwili, atakupa mkono nawe utauhisi. Roho ya mwenye haki haitasogea, kwa sababu haina ruhusa ya kudanganya. Ibilisi atakupa mkono, lakini hutahisi kitu. Watumishi wa umma waliopitia uhakiki wa vyeti watanielewa nikisema kwamba mtu anayeweka utaratibu wa kuhakiki malaika amekwisha kukutana na tatizo la vyeti vya kughushi.

Alikuwa amekutana nalo mapema sana. Kanisa liliundwa tarehe 6 Aprili 1830. Kabla mwaka haujaisha, muumini mmoja, Hiram Page, mmoja wa wale mashahidi 8, alianza kupokea mafunuo kwa kutumia jiwe, naye Oliver Cowdery na familia ya Whitmer wakamwamini. Joseph hakuweza kusema kwamba mawe hayafai: yeye mwenyewe alitumia jiwe katika kukitafsiri Kitabu cha Mormoni, na mwaka 2015 kanisa lilichapisha picha za jiwe hilo. Kilichotoka ni ufunuo mpya, sehemu ya 28 ya Mafundisho na Maagano, kwamba hakuna aliyewekwa kupokea mafunuo kwa ajili ya kanisa zima isipokuwa Joseph. Cowdery aliagizwa amweleze Page faraghani.

Kwa maoni yangu sehemu ile ya 28, ambayo wasomaji wengi huipita haraka, ina uzito kuliko ono la msituni. Bila Ono la Kwanza Umormoni ungekuwa dini nyingine. Bila kanuni hii usingefika hata mwaka wa pili, kwa maana dini inayofundisha kwamba mbingu zimefunguka haina budi kueleza zimefunguka kwa nani. Jibu lilikuwa la ngazi. Baba anaweza kupata ufunuo kwa ajili ya nyumba yake, mchungaji kwa ajili ya kundi lake dogo, kila mtu kwa ajili ya nafsi yake; kwa ajili ya wote, mmoja tu. Kuona kuliachwa huru. Kilichowekewa uzio ni kuwafunga wengine kwa ulichokiona.

Ile simulizi ya pili, ya Novemba 1835, inaonyesha uzio huo ukifanya kazi sebuleni. Mgeni mwenye ndevu ndefu alifika nyumbani kwa Joseph huko Kirtland, Ohio, akijiita Yoshua, mhudumu wa Kiyahudi. Jina lake halisi lilikuwa Robert Matthews, maarufu kama nabii Matthias, aliyekuwa ametoka gerezani mwaka huohuo. Huko New York alikuwa ameongoza jumuiya ndogo ya kidini iliyosambaratika kwa kashfa na kesi ya mauaji ambayo aliachiwa huru. Miongoni mwa wanajumuiya wake alikuwamo mwanamke mweusi aliyezaliwa utumwani, Isabella, ambaye baadaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Sojourner Truth. Joseph alimkaribisha mgeni, akamsimulia ono lake la msituni, kisha akaketi kumsikiliza. Matthias akaeleza kwamba roho ya mtume Mathiya, yule aliyechaguliwa kushika nafasi ya Yuda, imefufuka ndani yake. Baada ya siku mbili Joseph alimwambia kwamba mungu wake ni shetani, akamtoa nyumbani. Shajara inasimulia hayo bila tabasamu.

Joseph aliuawa na genge la watu wenye silaha katika gereza la Carthage, Illinois, tarehe 27 Juni 1844, pamoja na kaka yake Hyrum. Sasa mmoja aliyeruhusiwa kuona kwa niaba ya wote hakuwepo. Sidney Rigdon alikuja na ono kwamba awe mlezi wa kanisa. James Strang alidai malaika alimtawaza saa ileile Joseph alipokufa; naye akapata mabamba yake, akayatafsiri, na mwaka 1850 akavishwa taji la ufalme katika kisiwa cha Ziwa Michigan kabla ya kuuawa mwaka 1856. Kwa vigezo vya mwanzo kabisa, Strang ndiye aliyefanana na Joseph. Aliyeshinda ni Brigham Young, seremala aliyeegemea hoja kavu ya kiutawala, kwamba funguo za mamlaka ziko mikononi mwa baraza la Mitume Kumi na Wawili. Habari kwamba siku ya mkutano ule wa Agosti 1844 uso wake uligeuka ukawa kama wa Joseph zinatoka zaidi katika kumbukumbu za miaka iliyofuata. Kati ya mafunuo yaliyomo katika Mafundisho na Maagano, lake ni moja tu, na linahusu namna ya kupanga misafara ya kwenda magharibi.

Kuanzia hapo ono lilianza kupita katika vikao. Mwaka 1890, Mahakama Kuu ya Marekani ilipokuwa imethibitisha sheria ya kutaifisha mali za kanisa kwa sababu ya ndoa za wake wengi, rais wa kanisa Wilford Woodruff alitoa tamko la kuziacha. Mwaka uliofuata aliwaeleza waumini kwamba Bwana alimwonyesha kwa ono yatakayotokea wasipoziacha: mahekalu kunyakuliwa na viongozi kutupwa gerezani. Wenye dhihaka husema mbingu ilisoma hukumu ya mahakama. Dhihaka hiyo ni rahisi mno. Shinikizo ndilo linalomfanya mtu apige magoti na kuuliza. Halithibitishi jibu lilikotoka, wala halilikanushi. Mwaka 1918, vita na homa ya mafua vikiua mamilioni, rais Joseph F. Smith, mtoto wa Hyrum, aliyekuwa amefiwa na mwanawe mwezi Januari, aliona ono la Kristo akiwatembelea wafu na kupanga wajumbe wa kuwahubiria walio kifungoni. Alilitamka likaandikwa. Tarehe 31 Oktoba lilisomwa mbele ya washauri wake na Mitume, wakalikubali kwa kauli moja. Yeye alikuwa kitandani mgonjwa, akafa siku 19 baadaye. Ono hilo halikuingizwa katika Maandiko hadi mwaka 1976.

Mpaka hapa mtu anaweza kuuona utaratibu huu kuwa busara tupu. Gharama yake inaonekana ukiuangalia kutoka chini.

Mwaka 1836, Joseph akiwa hai, mwanamume mweusi aliyeitwa Elijah Abel alipewa ukuhani. Mwaka 1852 Brigham Young alitangaza mbele ya bunge la Utah, katika kikao kilekile kilichopitisha sheria ya kuhalalisha utumwa wa namna fulani, kwamba watu wenye asili ya Afrika hawawezi kuupokea. Waliendelea kubatizwa. Lakini wanaume wao hawakupewa ukuhani, ambao katika kanisa lile hupewa karibu kila mwanamume, na wake kwa waume hawakuruhusiwa kupokea ibada za hekaluni ambazo kwa imani yao huziunganisha familia milele. Hakuna ono lililotolewa kuwa msingi wa katazo hilo. Hakuna sehemu ya Mafundisho na Maagano inayoliamuru. Lilitoka kinywani mwa mtu mwenye cheo, likakaa, likazeeka, na mwaka 1949 viongozi wakaandika kwamba ni agizo la moja kwa moja kutoka kwa Bwana.

Jane Manning, mwanamke mweusi aliyezaliwa huru huko Connecticut, alijiunga na Wamormoni, na mwaka 1843 akaondoka na ndugu zake kwenda Nauvoo, Illinois. Walipokataliwa kupanda meli walitembea kwa miguu zaidi ya kilomita 1,000. Uzeeni alisimulia kwamba alipomwona Joseph Smith hakuhitaji kutambulishwa, kwa sababu alikuwa amekwisha kumwona katika ono akiwa Connecticut. Alifanya kazi nyumbani kwa Joseph, akafika Utah mwaka 1847, na kuanzia miaka ya 1880 akawa anawaandikia viongozi akiomba aruhusiwe kupokea ibada za hekaluni. Mwaka 1894 walimpa jibu lisilo na mfano: aliunganishwa na familia ya Joseph Smith katika hekalu la Salt Lake, akiwa mtumishi wao wa milele, na mwanamke mwingine akasimama mahali pake kwa sababu yeye hakuruhusiwa kuingia. Aliendelea kuomba. Mwaka 1903 barua yake ilikwenda kwa Joseph F. Smith, yuleyule aliyekuja kuona wafu wakifunguliwa. Alikataliwa. Alifariki mwaka 1908, na Joseph F. Smith akazungumza katika mazishi yake.

Katazo lisilo na ono lilikuwa gumu kuliko lililo nalo, kwani hapakuwa na andiko la kulifasiri upya. Na kwa kuwa lilikwisha kuitwa agizo la Bwana, hakuna mwenye cheo aliyethubutu kuliondoa bila Bwana kusema. Mwaka 1969 wachezaji 14 weusi wa mpira wa Marekani walifukuzwa katika timu ya Chuo Kikuu cha Wyoming kwa kutaka kuvaa vitambaa vyeusi mkononi watakapocheza na chuo cha Wamormoni. Mwaka 1973 daktari mmoja Mmormoni, Lester Bush, alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba hakuna ushahidi wa katazo hilo kuanzia kwa Joseph. Mwaka 1975 kanisa lilitangaza kujenga hekalu São Paulo, Brazili, nchi ambayo hakuna anayeweza kuchora mstari kati ya mweusi na mweupe. Tarehe 1 Juni 1978 rais Spencer W. Kimball alisali pamoja na washauri wake na Mitume ndani ya hekalu la Salt Lake. Tarehe 9 Juni ulimwengu ukatangaziwa kwamba katazo limeondolewa. Waliokuwamo walieleza hisia, umoja na uhakika wa moyo. Gordon B. Hinckley alisema hapakuwa na kishindo cha upepo kilichosikika kwa masikio, na Bruce R. McConkie alilazimika kukanusha uvumi kwamba Kristo au Joseph Smith alionekana chumbani. Badiliko kubwa kuliko yote katika karne ile lilikuja bila mtu kuona chochote.

Aliyekuwa ameona alikuwa Nigeria. Anthony Obinna, mwalimu wa shule katika eneo ambalo leo ni Jimbo la Imo, alisimulia kwamba mwaka 1965 alitokewa usingizini na mtu mrefu mwenye fimbo, akamchukua hadi kwenye jengo zuri mno na kumwonyesha kila kitu ndani yake. Wakati wa vita vya Biafra, amejifungia ndani, alifungua jarida kuukuu la mwaka 1958 akakutana na picha ya jengo lilelile: hekalu la Salt Lake. Vita vilipokwisha aliandika barua Utah. Aliandika tena na tena. Kulingana na kanuni ya mwaka 1830 ono lake lilikuwa halali kabisa, kwa ajili yake mwenyewe. Halikuweza kumbatiza mtu wala kufungua tawi la kanisa kijijini kwake, kwani uamuzi huo ulikuwa wa watu waliokuwa bara jingine, na hao walikuwa bado hawajaambiwa. Alisubiri miaka 13. Tarehe 21 Novemba 1978 alibatizwa pamoja na wenzake, jumla yao watu 19.

Mwaka uliofuata, 1979, ibada ambazo Jane Manning aliziomba hadi uzeeni zilifanywa kwa niaba yake, miaka 71 baada ya kifo chake.